Kaburi la Mwanahawa Lilivyokua

Jumanne asubuhi Swati Jivraj alikuwa ameifungua mashine ya fotokopi, anatoa karatasi iliyonasa, pale dukani kwake karibu na stendi ya Kibiti. Mwanamke mmoja akaingia na faili la plastiki kifuani. Kwa sura alikuwa mtu wa huku huku, ila alivaa buti za kupandia milima na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani.

"Shikamoo. Mimi naitwa Alina. Ninamtafuta mama yangu mzazi."

Swati akaitikia, akanawa wino, akamvutia kiti. Alina alikuwa mtu wa sita. Watu waliochukuliwa uchangani wakapelekwa Ulaya kulelewa walikuwa wakipeana jina lake: yupo mama wa Kihindi Kibiti, atakutafutia kijiji, atakusindikiza hadi mlangoni. Kwa nini alijitwika kazi hiyo, hakuna aliyemwuliza.

Karatasi ya Alina ilisema: Mtoto wa kike, Mwanahawa, miezi minne. Kijiji, Mohoro. Mama, Semeni Tamimu, amefariki. Herufi "m" zote zilikuwa zimeshuka kidogo chini ya mstari. Swati aliitazama ile "m" kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jina. Alikwisha kuiona kwenye karatasi mbili kabla ya hii. Ilitoka kwenye mashine ya kuchapa ya marehemu baba yake, Vipul. Alifunga duka, akatafuta gari.

Mohoro waliingia ofisini kwa mtendaji wa kijiji, Abdulrazaq, mtu wa makamo, akaisoma karatasi mara mbili.

"Marehemu huyu kanipitia hapa asubuhi na ungo kichwani," alisema. Kisha akamtazama Alina toka utosini hadi kwenye buti. "Hebu simama wima, mwanangu. Ndiyo. Urefu ni wenyewe."

Aliwaeleza njiani, kwa sauti ya mtu anayeeleza mpaka wa shamba. Mwaka wa mafuriko makubwa, Semeni alikimbilia kambini na kichanga chake. Kichanga kikashikwa na homa. Watu wa shirika moja la ng'ambo, ambalo sasa halipo tena, wakakiingiza hemani kwao. Baada ya siku mbili wakamrudishia mama bunda la shuka lililoshonwa, wakamwambia asilifungue kwa ajili ya maradhi. Wakamshika kidole gumba, akakitia kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya kupokelea maiti. Bunda likazikwa Mohoro, kaburi la shibiri tatu.

Mwaka wa pili kaburi lilikuwa shibiri nne. Mzikaji akadhani alikosea kupima. Mwaka wa sita lilifika dhiraa mbili na nusu, likaanza kusukuma ua wa kaburi la jirani. Wenye kaburi lile wakaombwa wasogeze vigingi vyao, wakasogeza. Sheikh alipoulizwa alitazama vitabuni, akasema hakuona palipokatazwa. Wakati fulani majirani walimwambia Semeni kwamba analikuza yeye kwa machozi yake. Akaacha kulia mwaka mzima. Mwaka ule liliongezeka vidole vinne. Lilipotimiza miaka kumi na saba, likaacha kukua.

Walimkuta Semeni uani anapeta mchele. Alimtazama Alina, akauweka ungo chini, akamshika mkono bila kumkumbatia, akaenda naye makaburini. Swati na Abdulrazaq wakawafuata nyuma.

"Lala hapo, mwanangu," Semeni alisema. "Nikuone."

Alina akavua buti, akalala chali mchangani kando ya kaburi. Utosi ulikuwa sawa na kigingi cha kichwani, visigino vilikuwa sawa na kigingi cha miguuni. Semeni akapitisha kiganja juu ya tuta, kisha juu ya mguu wa Alina, kama mtu anayelinganisha vipande viwili vya jora moja. Ndipo alipokaa chini akalia.

"Mwanahawa," alisema. "Umekaa mno, mama."

Alina alianza maneno aliyoyakariri kwenye ndege. Hayakufika mwisho. Akamalizia kwa lugha ambayo pale hapakuwa na aliyeijua.

Baadaye, barazani, Semeni aliwamiminia chai.

"Nilijua," alisema. "Maiti harefuki. Kaburi lilipofika urefu wa kunifika kifuani nikaenda kushtaki, nikaambiwa nilete barua iliyochapwa. Nikaenda Kibiti kwa Mhindi mwenye mashine. Akaniuliza jina. Nikamwambia Semeni Tamimu. Akavua miwani, akaifuta, akasema utepe wa mashine umekwisha. Nilirudi mara tatu. Utepe haukuja."

Swati alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Alikuwa baba yangu, Bi Semeni."

"Najua. Una macho yake."

"Alichapa alivyoambiwa na watu wa shirika. Wewe ulipotokea mzima akajua amechapa nini, akaogopa. Aliniambia alipokuwa anaumwa, siku za mwisho. Majina hakuyakumbuka."

"Angeniambia," Semeni alisema. "Hata kwa mdomo tu. Mtoto alikuwa wa miaka saba."

Akamwongezea Swati chai.

Mate yao yalipelekwa kupimwa, na baada ya wiki tatu majibu yakaja kwamba Alina ni mtoto wa Semeni. Wakayachukua hadi ofisi inayotunza madaftari ya vifo, ili jina la Mwanahawa lifutwe humo. Karani alikuwa kijana mpole. Alifungua ukurasa, akawaonyesha: Mwanahawa amekufa, amezikwa.

"Lakini ndiye huyu," Swati alisema. "Na kaburi limekua."

"Kaburi nalijua, mama, bibi yangu ni wa Mohoro. Ila daftari halina safu ya urefu." Akayageuza majibu ya vipimo. "Na hapa wanasema huyu dada ni mtoto wa Bi Semeni. Hawajasema Mwanahawa hakufa."

Swati aliandika barua nne, mbili za hapa na mbili za Ulaya. Iliyojibiwa ni moja, nayo ilisema shirika lilivunjwa zamani na hakuna wa kuulizwa.

Siku ya kuondoka, Alina na mama yake walikwenda makaburini peke yao.

"Mama, tulisawazishe," Alina alisema. "Humo hamna mtu. Mimi nipo."

Semeni alikuwa anaokota majani makavu juu ya tuta. Hakuacha.

"Wewe wamekulea wenyewe huko, mwanangu, na nawashukuru. Meno yako ya kwanza sikuyaona. Siku uliyosimama sikuiona. Mimi nililopewa kulea ni hili. Lilikuwa likiongezeka vidole viwili, nasema anakula vizuri. Likikawia, nasema anaumwa. Nitalisawazishaje?"

Honi ya gari ikalia barabarani, mara moja, kisha ikanyamaza. Alina akachuchumaa upande wa miguuni, Semeni upande wa kichwani, wakang'oa magugu ya ndago mpaka wakakutana katikati.