Damu ya Majaruba

...anyamaze basi, agawe hivyo vidonge watu warudi makwao, lakini wapi, tangu saa tatu huyu binti wa afya, Dipti, kasimama hapo barazani kwenye zahanati ya Pasiansi, picha ya konokono kaibandika ukutani, anawafundisha maji watu waliozaliwa kando ya maji, na kilichomuudhi Justa zaidi ni ile "mwangaluka mayu" aliyowasalimia nayo, Kisukuma safi kabisa, mtoto wa wenye maduka ya vitambaa mjini, kakitoa wapi, nani kamwomba... Justa kaja kwa ajili ya mjukuu tu, Winnie, miaka minne, kamlalia mapajani anatoka jasho, wamesema kuna dawa mpya ya kichocho ya watoto wadogo, inayeyuka kwenye maji, haina ule uchungu, haya, leteni anywe, hotuba ya nini. Mama yake ndiye angemleta kama angekuwa mke wa maana, lakini Evelina yuko kwao Kisesa tangu mwezi wa tatu, na Jumapili wazee wanakwenda kuivunja ndoa, Luhende, mdogo wa marehemu mumewe Justa, atasema kwa niaba ya ukoo, kisha Justa ataulizwa swali moja tu, mama, wewe uliona nini, naye atajibu, mkwe wangu anatoka damu siku zisizo zake, anamkimbia mwanangu Mayala kitandani, anasema anaumia, na magonjwa ya namna hiyo kila mtu anajua yanaokotwa wapi... kaapa Evelina kwamba hana mwanamume mwingine, kaapa kwa jina la huyu mtoto, macho makavu, na ni hayo macho makavu yaliyompandisha Justa hasira mpaka akamtolea sanduku nje.

Konokono anatema vijidudu, anasema Dipti, huwezi kuviona, vinatoboa ngozi ya mguu kwa dakika chache, vinakua minyoo ndani ya mishipa ya damu, dume kamkumbatia jike, wanaishi hivyo miaka na miaka wakitaga mayai... dume kamkumbatia jike, mambo gani haya mbele ya watoto, hana haya huyu, na wanawake wale pale mbele wanatikisa vichwa kama wameona malaika. Minyoo ya huku ziwani mingi inakaa kwenye utumbo, sawa, hilo wamelisikia miaka yote, amalize... "Lakini ile ya malambo na majaruba ya mpunga, mama zangu, inashuka kwenye kibofu na kwenye njia ya uzazi. Mwanamke anatoka damu, anaumia akiwa na mumewe, na hajakosa chochote."

Hajakosa chochote, nani kamwambia, alikuwepo? Mzee Ndalahwa kanyanyua fimbo, anasema mbona wao wakiwa vijana wote walikojoa damu na ndiyo ilikuwa dalili ya kukua, baraza zima linacheka, hata Justa midomo imemcheza, maana Mayala naye alipofika miaka kumi alikojoa nyekundu pale kwenye migomba na baba yake alitembea mtaa mzima akitangaza, dume langu limekua, jogoo akachinjwa...

"Ni mnyoo huo huo, babu," anasema Dipti.

Huo huo... anaongeza sasa kwamba kuna kipimo ambacho mwanamke anajichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, maabara wanatafuta vinasaba vya mnyoo, maana wengi wametibiwa magonjwa ya zinaa miaka mingi bure na wengine wameachika, na dawa inaua minyoo ila makovu ya mayai kwa wengine yanabaki, namna ya kuyaponya bado wanasayansi wanaitafuta, ahaa, kumbe hawajui, umeona, hawajui na bado wanasimama kusema, Justa anaking'ang'ania hicho kama mtu aliyepata gogo majini, hawajui, hawajui... lakini majaruba anayajua yeye. Majaruba ni yake. Bibi harusi anapandikiza mpunga wa mama mkwe kabla ya wake, hiyo ndiyo desturi, na Evelina alipandikiza misimu minne, maji magotini tangu alfajiri, Justa kakaa tutani na chupa ya chai akimwambia sogeza mstari, na kabla ya Evelina ni Justa aliyeinama humo humo, mama mkwe wake kakaa pale pale... mwache anyamaze huyu binti, Mungu wangu, mwache anyamaze.

"Kuna mwenye swali?" anauliza Dipti, anatazama huku, mbona anatazama huku, na Justa anamchukia kwa namna ambayo hajawahi kumchukia mtu, kisha chuki inakosa pa kukaa, inamrudia, maana Jumapili itabidi aseme mbele ya Luhende na mbele ya mwanawe kwamba naye alikuwa na miaka ishirini na mbili, alikuwa anatoka damu, anaumia, hajaguswa na mwanamume yeyote zaidi ya mumewe, na alifua usiku asije mtu akamwona, na kwamba mwezi wa tatu, alipokikuta kitambaa cha Evelina kimelowekwa kwenye beseni nyuma ya nyumba, alikitambua pale pale, akajua ni damu ile ile aliyoifua yeye usiku, na ndipo akaita watu. Mtoto bado kalala. Dipti anauliza tena.