Vidole Viwili Juu ya Mahali Pake

Jina la Mama Stara alipewa na wagonjwa, naye alilipenda kuliko lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipima umeme wa moyo katika chumba namba sita cha hospitali: kitanda kimoja, pazia la kijani lenye tundu la ukubwa wa ngumi, na dirisha alilolipaka rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe ili wapita njia wasichungulie. Wanawake walikuwa radhi kukaa kwenye benchi mpaka miguu iwafe ganzi wakimsubiri yeye, huku chumba cha jirani mpimaji mwenzake, kijana aliyeitwa Chapchap na kila mtu, akipiga miayo.

Sababu ilikuwa moja tu. Chapchap alikuwa akisema, "Vua juu, lala." Mama Stara alikuwa akisema, "Fungua vifungo viwili, mama yangu, vinatosha."

Sasa, havitoshi. Kipimo kile kina vibandiko sita vya kifuani, kila kimoja na waya wake, na kila kimoja kina kwao. Viwili vya kwanza hukaa pande mbili za mfupa wa kifua, kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu. Vinavyofuata huzunguka chini ya titi la kushoto. Kufika huko lazima kifua kiwe wazi na mpimaji azihesabu mbavu kwa kidole. Mama Stara hakuhesabu. Alibandika pale shingo ya gauni ilipomruhusu, vidole viwili juu ya mahali pake, na vilivyobaki akavipenyeza kwa kukisia.

Alijua kwamba anakosea? Alijua. Chuoni alifundishwa, na mtihani akafaulu. Lakini kabla ya chuo alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja aliyesimama mlangoni mwa wodi akamwona mama yake amelazwa kifua wazi, pazia hakuna, wafagiaji wanapita na ndoo zao. Mama yake hakulalamika. Ila hakurudi tena hospitali, hata alipopaswa kurudi, mpaka wakamzika. Mtu aliyebeba jambo kama hilo, nenda wewe ukamweleze habari za mbavu.

Kisha ikaja programu. Aliileta daktari wa moyo, kijana mpole aliyekuwa akimwamkia Mama Stara kila asubuhi kabla hata ya kuweka begi chini. Iliunganishwa na mashine zilezile za siku zote, za vyumba vyote viwili. Ilikuwa inasoma mistari ya moyo, inailinganisha na maelfu ya mioyo iliyowahi kuiona, halafu inaandika kwenye kioo kama mgonjwa yumo hatarini kuvurugikiwa na mapigo siku za mbele, hata kama leo yanakwenda sawa. Kijani, nenda salama. Nyekundu, hatari, na asilimia pembeni.

Mwezi haujaisha, wanawake wakawa wekundu. Si wote, lakini wengi mno. Daktari aliwapeleka watatu wa mwanzo kwenye vipimo vikubwa, wakakutwa wazima kabisa. Wanaume, wakati huo, kijani kitupu.

"Hii mashine ina kisirani na wanawake," Chapchap alisema. "Nadhani iliachwa na mke."

Wakacheka, na Mama Stara ndiye aliyecheka zaidi. Hakuna aliyejiuliza nani anapima wanawake, maana jambo hilo lilikuwa la siku zote, kama mlango ulivyo mlango. Daktari aliwaandikia wenye programu, wakajibu kwamba iko sawasawa. Akachoka. "Basi kwa sasa," alisema, "mwanamke akitoka nyekundu tusimtishe bure. Mpangieni arudi baada ya miezi sita." Mama Stara akachukua kalamu nene, akaandika kikaratasi, akakibandika kwa plasta juu ya kioo: WANAWAKE, NYEKUNDU SI HOJA.

Miezi miwili baadaye, siku ya Jumanne, aliletwa mama mkwe wake.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, mwenye ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa popote, mpaka tarehe za kwenye chupa za dawa ya kikohozi. Wiki ile alikuwa ameanguka mara mbili, ya kwanza akipiga mswaki, ya pili akianua nguo. "Nimeteleza," alisema mara zote mbili, na sakafu ilikuwa kavu mara zote mbili. Mwanawe, mume wa Mama Stara, hakutaka maneno. Akampakia kwenye gari, akamfikisha mpaka mlango wa chumba namba sita, akabaki nje.

Kumpima mkwe! Mama Stara alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka ishirini na minne walikuwa wameishi kwa heshima; akimsikia mama anatoka kuoga, yeye hujifungia jikoni mpaka mlango wa chumba cha mama ufungwe. Kumpeleka kwa Chapchap nako hakukufikirika. Basi siku hiyo alifungua kifungo kimoja badala ya viwili, akabandika huku macho yakiwa darini.

Kioo kikawa chekundu. Asilimia themanini na moja.

Mama Stara akavuta kitabu cha miadi kutafuta tarehe ya miezi sita ijayo.

"Hicho kikaratasi ni cha nini?" mama mkwe aliuliza kutoka kitandani.

"Mambo ya kazi tu, mama."

"Nimeshakisoma. Nauliza maana yake."

Akamweleza. Mama mkwe alisikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyeleta jibu bila njia.

"Wanawake wanapimwa na nani?"

"Na mimi."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Na wanaume?"

"Chapchap."

Mama mkwe akamkazia macho. Macho hayo yaliwahi kuwatoa jasho watoto wa watu kwa miaka thelathini na tano, na jasho lilimtoka Mama Stara pia.

"Haya," alisema mwishowe. "Tuseme mimi naumwa kweli. Hiyo mashine ifanye nini zaidi ili uiamini? Ipige yowe?"

Mama Stara alikitazama kitabu cha miadi mkononi. Aliogopa, na aliogopa kwa ajili ya vitu viwili kwa pamoja, akaona haya kwamba ni viwili. Akikaa kimya, atamrudisha nyumbani mama wa mume wake na tarehe ya miezi sita mkononi, na huenda akaanguka mara ya tatu asiinuke. Akisema, basi kila alichopendewa kwa miaka kumi na tisa kilikuwa kimepinda. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hiki kilikuwa kwenye ncha za vidole vyake.

"Mama," alisema, "hivi vibandiko haviko mahali pake."

"Viko wapi?"

"Vidole viwili juu."

"Kwa nini?"

"Nakuheshimu, mama."

Mama mkwe akaanza kufungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nimezaa watano, na mmoja umenichukulia wewe. Haya, zihesabu hizo mbavu. Tena kwa sauti, nikusikie."

"Moja," alisema Mama Stara, kidole kikiwa kwenye mfupa. "Mbili. Tatu. Nne."

Alibandika, akafunika kwa shuka pale alipomaliza, akabandika tena, akafunika tena. Ndipo alipoona kwamba yote mawili yaliwezekana, kupima sawasawa na kusitiri. Yalihitaji shuka moja na dakika tatu za ziada. Urahisi wake ulimuuma kuliko kosa lenyewe.

Kioo kilikuwa chekundu bado. Asilimia themanini na sita. Mama Stara akaitoa karatasi kwenye mashine akakimbia nayo, yeye ambaye hata mvua haikuwahi kumkimbiza, mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakavuta miguu kumpisha.

Daktari alimlaza mama mkwe siku ileile, akamfunga kinasa mapigo cha kutwa nzima. Kikaonyesha kwamba moyo wake ulikuwa unasimama, sekunde tano, sekunde sita, kisha unakumbuka kazi yake na kuendelea. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amewekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya bega, cha kuushtua moyo ukisahau. "Sasa mimi ni redio," aliwaambia wajukuu. "Mkinikera nazima."

Lakini Jumanne ile, kabla hajavua koti la kazi, Mama Stara alirudi ofisini kwa daktari, akafunga mlango na kusema yote: vifungo viwili, kukisia, miaka kumi na tisa. Daktari hakufoka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Yaani mashine ilikuwa inaona kifua kilichopinda," alisema taratibu, "ikapiga kelele za uongo. Sisi tukaziba masikio. Sasa za kweli ni zipi?"

"Sijui."

"Waliotoka nyekundu wakarudishwa nyumbani ni wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

Daktari akashika kichwa. "Kile kikaratasi niliruhusu mimi," alisema. "Tuwaite wote."

Chapchap, ambaye hakuwahi kupitwa na utani, safari hii aliuacha. Alikwenda kukibandua kikaratasi, na kwa wiki mbili akabeba wagonjwa wa vyumba vyote viwili kila Mama Stara alipokuwa kwenye simu. Wanawake wakarudi. Wengine walinuna walipoambiwa wafungue vifungo vyote, na mmoja alimwambia usoni kwamba amebadilika siku hizi. Aliwahesabu mbavu mmoja mmoja chini ya shuka. Thelathini na watatu wakawa kijani. Saba wakabaki wekundu, daktari akawachukua wote kwa matibabu.

Akabaki mmoja, mshona mapazia. Mama Stara alimkumbuka vizuri kwa sababu alikuwa ameliangalia lile pazia la chumba namba sita, akaingiza kidole kwenye tundu na kusikitika kwa ulimi. Simu yake iliita siku tatu bila kupokelewa. Siku ya nne ikapokelewa na binti.

"Mama alifariki wiki tatu zilizopita," binti alisema. "Alikuwa kwenye cherehani. Tulidhani amesinzia."

Mama Stara akajitaja, akasema anapiga kutoka chumba cha kipimo cha moyo.

"Wewe ndiye Mama Stara?" Sauti ya binti ikachangamka ghafla. "Mama alikutaja mpaka tukachoka! Alikuwa anaogopa hospitali, lakini alirudi akasema hajawahi kupimwa vizuri namna ile. Alikushonea pazia. Lipo hapa, tulikuwa hatujui tulilete wapi."

Aliomba aelekezwe nyumbani. Alikwenda jioni hiyohiyo, peke yake, akakaa kwenye kiti alichopewa karibu na cherehani iliyofunikwa kitambaa, na akamweleza binti kila kitu, kwa maneno mepesi, bila kujitetea kwa habari za mama yake mwenyewe. Pazia lilikuwa kwenye magoti ya binti, kijani kibichi, pindo lake limeshonwa mara mbili.

"Kwa hiyo mashine ilisema," binti alisema.

"Ilisema."

"Mngeisikiliza, angekuwa hai?"

"Sijui, mwanangu," Mama Stara alisema. "Na kazi yangu ilikuwa kujua."

Binti akalikunjua pazia, akalikunja upya polepole, kona kwa kona, akaliweka tena magotini. Hakumpa, wala hakumwambia aondoke.