Gari Lilikwenda Kubeba Viti

Adhuhuri chupa ya uzazi ya Mutindi ilipasuka, na kitovu kikatoka kabla ya mtoto. Sista Kavata wa zahanati hakungoja: alivaa glavu, akaingiza mkono, akakisukuma kichwa cha mtoto juu kisikibane kitovu, akamwamuru mama apige magoti, kifua chini, makalio juu. Kisha akaitisha gari la wagonjwa, mtoto afike hospitali kwenye upasuaji angali hai.

Gari halikuwepo. Aliyejua vizuri lilipo ni mzee Kiilu, mwenyekiti wa kamati ya zahanati na baba mkwe wa Mutindi. Asubuhi ileile alikuwa amewapa watu wa mheshimiwa mbunge ufunguo, likabebe viti vya harambee ya kampeni uwanjani Tulia. Uchaguzi uliopita lilibeba mahema. Ule wa kabla yake, mbuzi. Na kila mara Kiilu alishukuriwa kwa kipaza sauti, akasimama, akapunga kofia.

Ikabaki pikapu yake. Lakini Ukambani baba mkwe na mke wa mwana hawatazamani ovyo. Kuna nthoni kati yao, heshima iliyojaa haya. Leo mke wa mwanawe apakiwe nyuma ya gari vile, soko zima likiona? Kiilu alishika ufunguo asiondoke. Akataka Mwau, dereva wa gari la wagonjwa, aitwe aendeshe. Akaambiwa Mwau naye yuko harambee. Akasema, macho mlangoni, basi angalau msichana afunikwe, akae kama mtu.

"Mzee," Kavata akasema, mkono ungali ndani, "nikitoa huu mkono mtoto anakufa. Aibu ungeona asubuhi, ukipeana gari."

Hakupaza sauti. Hata hivyo wanawake wa kwenye benchi walisikia, wakainamisha macho.

Kiilu akaendesha. Nyuma, juu ya godoro, Mutindi alikuwa amepiga magoti, Kavata kamshikilia vilevile, mkono umekufa ganzi. Walipopita uwanja wa Tulia, gari la wagonjwa lilikuwa kivulini, milango wazi, na kipaza sauti kilikuwa kikimshukuru mwenyekiti Kiilu kwa moyo wake wa maendeleo. Watu walipiga makofi. Akapandisha kioo, akasikia bado.

Jioni mwanawe Mulwa, mume wa Mutindi, alimkuta nje ya wodi, kofia magotini.

"Ni kijana, baba. Analia vizuri. Kiilu amekuja."

Ndiyo desturi: mvulana wa kwanza hubeba jina la babu. Mzee aliigeuzageuza kofia.

"Muulize mama yake kwanza," akasema. "Akilikataa hilo jina, usimbembeleze."