Msiba wa Benjamini

Darasa letu la uuguzi lilikuwa na wanafunzi arobaini na sita, na mtihani wa kinga ya mwili tulifaulu wote. Ungemuuliza yeyote kati yetu jinsi chanjo inavyofanya kazi, angekuchorea ubaoni huku anatafuna karanga. Lakini asubuhi ile Mwalimu Recheli alipoweka kisanduku cha baridi mezani na kusema, "Haya, chanjo ya homa ya ini, kunjeni mikono," hakuna aliyeinuka. Watu wazima wanatazama viatu vyao! Nilitamani kuwazaba vibao.

Mimi, Levina, ndiye niliyekuwa kiongozi wa darasa. Jumatatu tulikuwa tunaanza kazi wodini katika hospitali ya Kitete, hapa Tabora, na asiyechanjwa haingii. Lakini si sharti hilo lililoniuma. Mama yangu mdogo, Dafrosa, alikuwa mkunga wa zahanati moja njia ya Kaliua. Alijichoma na sindano ya mgonjwa akiwa kazini, na hakuwa amechanjwa. Ini lilimmaliza polepole, na mimi ndiye niliyemwogesha. Mwezi ule ule tuliomzika nilikwenda kuchanjwa, nikanyamaza. Chuoni hakuna aliyejua.

Aliyelishika darasa alikuwa Benjamini, Mzaramo wa Maneromango, kijana mwenye akili kutushinda sote na mdomo kuishinda akili yake. Akipiga chafya, nusu ya darasa wanaumwa mafua.

"Wanangu," alisema, ameegemea ukuta, "mimi sikatai sayansi. Wagonjwa nitawachanja mpaka wachoke. Ila bega langu hili, hapana. Nimetumiwa video kutoka Dar, jamaa kachanjwa, mpaka leo hajapata mtoto. Na wahenga walishasema, mganga hajigangi."

Wakacheka. Mwalimu Recheli akaeleza upya, kwa upole, yale yale ya kwenye madaftari yetu. Yakapita juu ya vichwa. Mwishowe akafunika kisanduku, akasema anakirudisha stoo. Hapo nikasimama.

Sasa, mimi ni Mnyamwezi wa Usoke. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, na katika safari hizo ndipo walipoanza utani na Wazaramo. Mtani akikutania hukasiriki, ukikasirika umeshindwa. Na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya yote: huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, hushuka kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe.

Nikachukua koti jeupe la Benjamini kitini kwake, nikalivaa. Lilinifika magotini. Nikatembea kama yeye, kifua mbele, kidole juu. "Wanangu! Mimi sikatai sayansi!" Darasa likaangua kicheko. Kisha nikajilaza chali sakafuni, mbele ya meza ya chanjo, nikapiga yowe.

"Uwii, Benjamini wangu wee! Mzaramo, umetuachia nani? Umechanja Tabora nzima, ukasahau bega lako! Ubwabwa wa msiba huu ataumaliza nani, na mlaji mkuu ndiye aliyelala?"

"We Mnyamwezi, mimi mzima!" Benjamini alipaza sauti huku anacheka.

"Jamani, maiti inabisha! Hata kufa hakukumfunga mdomo!"

Watu walishika mbavu. Nilitaka kuendelea na mzaha, ila sijui nini kilinipata pale chini. Kilio kikageuka. Nikajisikia namwita mama mdogo kwa jina lake, na machozi ya kweli yakaniingia masikioni.

"Mama yangu mdogo alikuwa mkunga," nikasema, bado nimelala. "Alijichoma mara moja tu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na alijua yote tunayoyajua sisi. Benjamini, sitaki kukulilia kweli."

Kicheko kikakatika. Benjamini akaja akasimama kando yangu.

"Inuka, mtani."

"Siinuki. Kaburini hatutoki bure."

"Unataka nini?"

"Bega."

Akachuchumaa. "Naogopa, Levina," akasema, na hakuishusha sauti ili wengine wasisikie. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa alama zake zote.

"Najua. Mimi nilitetemeka mpaka nesi akanishika."

Akafungua vifungo vya shati, akaketi. Mwalimu Recheli akamchoma sindano. Benjamini akafumbua jicho moja.

"Tayari?" akauliza. "Ndiyo hii tu?" Kisha akanyoosha mkono, akaninyanyua. "Haya, umelipwa. Na ninyi mnatazama nini? Mnataka Mnyamwezi huyu alale hapo mara arobaini na nne?"

Asmahani, binti wa wafanyabiashara wa mjini, akawa wa kwanza. Akasema bismillahi, akakunja mkono. Nyuma yake viti vikaburuzwa. Benjamini alisimama kwenye foleni kama karani, akiwatania waliofumba macho, na aliyetaka kuchomoka alirudishwa kwa mzaha. Video ile wakaiulizia, na safari hii Mwalimu Recheli alisikilizwa aliposema chanjo hii haizuii mtu kupata mtoto. Nilipopiga kigelegele mlangoni, wa darasa la jirani walichungulia kuuliza nani ameolewa.

Jumatatu asubuhi nesi wa zamu alitusimamisha mlangoni mwa wodi, akazipitia kadi moja moja. Alipoifikia ya mwisho akainua macho.

"Wote?"

"Wote," nikajibu, na sijawahi kutamka neno tamu kama lile.