Anasoma Wapi?

Benedicte alifika kituoni mbio, kitenge kimemlegea kiunoni. Mumewe, Zéphyrin, alikuwa ameshapakiwa kwenye lori pamoja na wageni wengine waliokamatwa mtaani Kisugu bila vitambulisho. Lori lilikuwa la kuwarudisha Kongo, na huko wapo watu waliokwisha kuichoma nyumba yao wakimtafuta yeye kwa jina. Zéphyrin alikuwa amewaambia askari kwamba ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Mtu mzima na mvi zake. Walimcheka mpaka basi.

Benedicte hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba afande Okeny, mtu wa kaskazini aliyekulia kambi za jeshi, ndiye mwenye uwezo wa kumteremsha mtu.

"Mama, bwana yako nasoma wapi?"

Moyo ukamtulia kidogo. Swali hili alilijua. Mwaka mzima Zéphyrin alikuwa amemchosha nalo, maana tasnifu yake pale chuo kikuu cha Kyambogo ilihusu neno hilo hilo, kusoma. Waganda wa kwanza kubatizwa, alikuwa akimweleza huku maharage yakipoa, walifundishwa kusoma kwanza, wakaitwa wasomaji. Ndiyo maana kusoma kwa Kiganda ni kusali pia. "Hapa mtu akikuuliza unasomaka wapi, Mama Heritier, anataka kujua kanisa yako." Na kweli, majirani walimuuliza hivyo, naye hakuwahi kukosea.

"Anasomaka kwa kanisa ya Mchungaji Aristide," akasema. "Kila siku ya Mungu, afande."

Okeny akatikisa kichwa, akamgeukia mama aliyefuata. "Mtoto yako nasoma wapi?"

"Kyambogo. Mwaka wa pili."

Kijana akateremshwa. Hapo ndipo Benedicte alipoelewa. Okeny hakuwa wa kabila la Waganda. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, na huko kusoma ni kusoma tu.

"Afande, na yeye anasomaka Kyambogo. Naapa."

"Mama, sasa hivi tu umesema kanisa. Umesikia mwenzako, na wewe nataka Kyambogo?"

Lori likawashwa. Benedicte akalishika ubavuni, akawa anakimbia nalo, akilia bila kumwonea mtu haya. Zéphyrin akasogeza uso kwenye wavu.

"Ulimwambia nini?"

"Ile ulinifundisha, Papa Heritier."