Ugomvi wa Kubembeleza

Mume wangu Shiundu alitoka kazini Alhamisi moja akiwa mtaalamu wa watoto wachanga. Asubuhi alikuwa karani wa stoo katika ghala moja la Industrial Area. Jioni alikuwa anajua kila kitu. Kampuni yao ilikuwa imewaletea mshauri kuzungumza kuhusu msongo wa mawazo, na mama huyo akawaambia kwamba mtoto anayeshikwa na kuitikiwa tangu mapema hukua na moyo mtulivu, na anayeachwa alie peke yake huenda akabeba hofu hadi ukubwani. Wenzake walikuwa wakingoja soda. Wangu alisikiliza.

Aliyemzaa huyo mtoto ni mimi Mutheu, nakukumbusha tu. Nina mshono wa kuthibitisha.

Sheria zilianza jioni hiyo hiyo. Hakuna kuinua sauti ndani ya nyumba, Lusweti wetu asije akashtuka. Mlango wa choo, ambao hulia, ukapakwa mafuta ya kupikia. Mpira ukatazamwa bila sauti, na timu yake ilipofunga bao Shiundu alisimama katikati ya sebule, ngumi juu, mdomo wazi, kimya kabisa, hata nikadhani amepigwa na stima. Na kama ni lazima watu wagombane, akasema, wagombane kwa sauti ya kubembeleza.

Nilijaribu. "Shiundu weee," nikaimba, "nepi ziko kwa ndoo tangu jana, na wewe una mikono, mpenzi, una mikono mizima." Lusweti akatabasamu. Shiundu akafua. Nikaona mtindo huu si mbaya hata kidogo.

Shida ilikuja na mama mkwe. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa inakwisha na Jumatatu nilitakiwa kurudi kwenye ofisi ya wakili ninakofanya kazi, kwa hivyo Mama Mideva alikuja kutoka Vihiga kutushikia mtoto. Alifika kwetu Komarock na ndizi, unga wa wimbi, na jogoo ambaye hakuwa amesikia sheria. Jogoo tulimla usiku huo huo. Mama hatungeweza kumfanya lolote. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha nyuzi, akiishi kwenye mabanda ya Mukuru kwa Reuben, na mashine za kule zilikuwa na kelele kiasi kwamba ukitaka kumwomba mwenzako chumvi ilibidi upige ukunga. Alistaafu, sauti haikustaafu.

"Mulembeeee!" alitusalimu kwa Kiluhya mlangoni. Mdomo wa Lusweti ulitetemeka, kisha akamkodolea nyanya yake macho kwa mshangao mkubwa.

"Mama, tafadhali," Shiundu akanong'ona.

Akaanza kumfuata kila mahali akimrekebisha: usimshike hivyo, usipige chafya hapo, mwitikie kabla hajalia. Mimi nilicheka tu, mpaka Jumapili baada ya kanisa aliponivuta jikoni.

"Siwezi kumwachia Mama mtoto," akasema. "Tutafute mtu mwingine."

"Mtu gani? Kazi ni kesho!"

"Babe, si unaniona vile niko? Nikifika stejini kungoja matatu narudi kuangalia kama nilizima gesi. Kufuli naivuta mpaka majirani wanatoka kuniangalia. Hii kitu ilianzia kwake. Aliniacha nikiwa mdogo hivi. Aliniharibu."

Nilishikwa na hasira na hofu kwa pamoja. Nisipofika ofisini Jumatatu, kiti changu kingekuwa na mtu mwingine kufikia Jumanne. Nikafungua mdomo nimwambie, nikamwona Mama Mideva amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Njoo useme hapa!" akanguruma, akielekea sebuleni.

Shiundu akamwonyesha Lusweti, aliyekuwa kochini. Mama akamtazama mjukuu, akavuta pumzi, akaketi, akampakata. Kisha akaanza kuyumba taratibu na kuimba, kwa sauti laini ambayo sikujua anayo.

"Shiundu baba, eee baba, umesema nilikuharibu. Nilikuharibu vipi, baba?"

Sheria ilikuwa ya Shiundu mwenyewe, ikambidi aifuate. "Uliniacha, Mama," akaimba mwanamume mzima mwenye ndevu, "uliniacha kwa yule mama wa ploti aliyeshika watoto wengi, nikalia, Mama, hakuna aliyekuja."

"Nani alikuambia ulilia, baba?"

"Nahisi tu, Mama. Nahisi hapa kifuani."

Niliuma mto wa kochi nisicheke.

"Ulilia, baba," akaimba Mama, akiyumba. "Nilikusikia mpaka barabarani. Kiwandani hawakutaka mtoto. Nilisimama kwa mashine maziwa yakinitoka, blauzi ikalowa, msimamizi akaniuliza kama nimemwagikiwa na maji, nikasema ndiyo. Jioni nilikimbia, eee baba, sikupanda gari. Nikakubeba mgongoni nikipika, nikakubeba nikifua, nikakubeba ukiwa umelala fofofo, kwa sababu niliogopa kukuweka chini."

Nilikuwa nimeuachia ule mto. Lusweti alikuwa akimsikiliza kama anayesikiliza redio.

"Kwa nini hukuniambia?" Shiundu aliuliza. Alisahau kuimba.

"Ungeniuliza lini? Ulikuwa huna meno." Kisha akaninyooshea kidevu. "Na huyu Mutheu akienda kazini kesho, Lusweti atamshtaki mwaka gani?"

Muda wote huo nilijiona mtazamaji, nimekalia kochi langu nikifurahia kesi ya watu wengine, kumbe mshtakiwa wa pili ni mimi. Niliona Jumatatu yangu yote, blauzi na kila kitu. Nikaangua kilio, kilio cha kwetu Makueni, kisicho na sheria yoyote, na jirani wa chini akagonga dari kuuliza kuna nini. Lusweti alinitazama kidogo, akaendelea kutafuna ngumi yake.

Shiundu hakujua aende kwa nani. Mwishowe alipiga magoti mbele ya mama yake. "Nisamehe, Mama," akasema. Mama akamwekea mkono kichwani, akamwambia anyamaze, chakula kinapoa.

Jumatatu asubuhi ni yeye Shiundu aliyemfunga mtoto mgongoni mwa mama yake, akakaza leso kama anafunga mzigo wa kwenda Malaba, Mama akamfokea, akafungua, akafunga upya. Kisha Shiundu akaondoka bila kugusa kufuli. Mimi ndiye niliyebaki mlangoni na mkoba begani.

"Mutheu!" Mama alisema, kwa sauti yake kamili ya kiwandani, na mtoto mgongoni hakushtuka. "Nenda, mama. Akilia nitamshika. Ukilia wewe, nipigie simu. Mimi sikuwa na mtu wa kumpigia."

Nilishuka ngazi. Sikufika hata stejini kabla sijampigia. Simu yake ilikuwa inatumika. Kumbe alikuwa anaongea na Shiundu.