Kanisa la Rangi ya Chai

Mvua za El Niño zilipokatika mwaka wa 1998, kanisa la Kwa Mulinge, mwendo mfupi kutoka njia panda ya Kyumbi, lilikuwa na rangi mbili. Kutoka madirishani kwenda juu lilikuwa jeupe. Kutoka madirishani kwenda chini lilikuwa na rangi ya udongo, kwa sababu udongo ndio uliokuwa hapo. Askofu alitarajiwa mwezi wa Agosti, na kamati ya ujenzi ikaamua kuta zipakwe upya.

Kamati ilikuwa na watu wanne, idadi isiyofaa kwa kundi lolote linalopiga kura. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Festus Nzioka, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye ng'ombe wa gredi aliyejulikana kijijini kuliko watoto wake. Mweka hazina alikuwa Kavutha, mjane mwenye duka la nafaka, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuwa na hakika ni wakati gani anatania. Kalekye, ambaye wote walimwita Mama Linet, aliwakilisha akina mama. Katibu alikuwa Musyoka, karani wa kiwandani huko Athi River, aliyependa mambo yaandikwe hata kabla hayajasemwa.

Fundi waliyemwita alikuwa Bartholomew Muthoka, mwandishi wa mabango wa Kyumbi. Kwa miaka mingi alikuwa amepaka kile alichoambiwa: nyekundu na nyeupe kwa bucha, kijani kwa duka la dawa za mifugo, buluu kwa baa. Alijua kuchora ng'ombe anayetabasamu juu ya mlango ambao ndani yake anauzwa kwa kilo, na hakuna mteja aliyewahi kuona kasoro katika tabasamu hilo. Lakini hakuwahi kupaka ukuta rangi aliyoichagua na kuichanganya mwenyewe. Hilo ndilo alilolitaka kutoka kwa kanisa lile, na alilitaka sana.

Kulikuwa na fundi mwingine, Titus, wa Machakos mjini, aliyepaka shule, zahanati na vyoo kwa krimu ileile moja kwa moja kutoka mkebeni. Titus alikuwa ameshauliza kama kazi ya kanisa imepata mtu. Kwa hiyo kamati ilimpa Bartholomew hadi Jumamosi ya wiki ya pili. Akileta rangi ambayo wote wanne wanaikubali, kazi ni yake. Wakikosa kukubaliana, Titus aitwe na krimu yake.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kukataa.

"Buluu ni ya baa," alisema Mama Linet.

"Ni ya mbinguni pia," alisema Musyoka.

"Mbinguni hakuna mtu ametoka huko akatuambia. Baa tunaiona kila siku."

Mwalimu alikataa kijani kwa sababu watu wangeingia kuulizia dawa ya kupe. Nyeupe ilikuwa imeshindwa mbele ya macho yao. Kavutha alitaja waridi, na hakuna aliyemuuliza kama anatania.

Loise, aliyesimamia jiko la kanisa, alileta chai na viazi vitamu. Bartholomew alikuwa amekaa karibu na dirisha, na jua likaingia ndani ya kikombe chake kabla yake. Alitazama. Katikati kulikuwa na kahawia yenye wekundu kwa chini, na pembeni, palipokuwa na kina kidogo, rangi ilielekea dhahabu. Alikuwa amekunywa chai tangu aachishwe ziwa na hakuwahi kuiangalia.

"Rangi hii," alisema, akainua kikombe.

Wajumbe waliangalia vikombe vyao. Hakuna mtu Kwa Mulinge aliyewahi kugombana na chai.

"Na tope likiruka halitaonekana sana," alisema Musyoka, akiandika.

"Askofu mwenyewe ni mtu wa chai," alisema Mwalimu.

Jambo lingeishia hapo. Lakini Bartholomew alikuwa amekinywa kikombe chote kwa furaha, na Mama Linet alikuwa bado hajamaliza chake.

"Si hii, lakini," alisema. "Hii Loise ametia maji. Chai yenyewe iko kwangu."

"Kwako ni wapi?" aliuliza Kavutha. "Juzi nimekunywa kwako nikaona chini ya kikombe."

Ndipo Mwalimu, mtu wa utaratibu, akapendekeza kwamba fundi atembelee nyumba ya kila mjumbe, aiangalie chai yake, na apake mfano wake kwenye ukuta wa nyuma ya kanisa, sehemu iliyobaki nyeupe. Kamati ingechagua hapo. Ratiba ya ziara ilisomwa kanisani Jumapili, baada ya matangazo ya harusi. Ilionekana kuwa hatua nzuri. Ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Chai ya nyumbani hupikwa maji, maziwa na majani pamoja, na kiasi cha maziwa hutegemea mambo mawili: maziwa yaliyopo, na mgeni anayetarajiwa. Kwa kawaida mgeni hunywa, hushukuru na huenda zake, na ushahidi huenda naye. Mgeni huyu angeuandika ushahidi ukutani mwa kanisa.

Mama Linet alianza. Chai yake ilikuwa nzito, ya kahawia hafifu. Bartholomew alikunywa vikombe viwili, akaenda nyuma ya kanisa, akachanganya rangi nyeupe ya maji na oksaidi, poda ya kukolezea rangi, akapaka mraba. Jioni hiyo Musyoka alipita hapo akitoka kazini, akautazama mraba huo, kisha akaenda nyumbani kuzungumza na mke wake.

Chai ya Musyoka ilikuwa na rangi ya biskuti. Mama Linet alipouona mraba wa biskuti, alimwita fundi arudi, akisema siku ile ng'ombe alikuwa na mawazo. Mara hii chai yake ilikuwa na rangi ya unga wa mtama. Musyoka naye alidai haki ya kurudia, na akaingiza dai hilo kwenye kumbukumbu za kamati.

Kavutha hakuwa na ng'ombe. Alinunua maziwa kwa majirani watatu, akampa fundi kitu cheupe chenye mvuke.

"Mwaitu, hii ni chai?" aliuliza Bartholomew kwa heshima anayostahili mama wa watu.

"Ni chai."

"Majani yako wapi?"

"Yalipita hapa."

"Yalipita?"

"Sufuria iliyaona. Wewe paka, kijana. Umeitwa kupaka, hukuitwa kupeleleza."

Akapaka. Mama Linet na Musyoka nao wakarudia tena na tena, na kufikia Jumatano ya wiki ya pili ukuta wa nyuma ulikuwa na miraba tisa, kila mmoja mweupe kuliko uliotangulia. Wa mwisho ulipokauka alishindwa kuuona, akauzungushia mstari wa penseli. Usiku hakuwa akilala vizuri. Mkewe, Mumbua, aliona kwamba ameanza kukataa chai nyumbani na kuomba maji, akamuuliza kama ni mambo ya dini mpya.

Titus alipita na baiskeli siku hiyo kuona kazi inaendaje, akasimama penye miraba ya mwisho.

"Fundi, habari ya kazi."

"Nzuri."

"Niliambiwa umepaka mifano."

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

"Umesimama mbele yake."

Titus aliusogelea ukuta, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande mmoja. "Mimi watu husema sina akili ya rangi," alisema. "Lakini nikipaka, mtu anajua nimepaka."

Ilikuwa kweli.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya Mwalimu, Ijumaa jioni, siku moja kabla ya uamuzi. Bartholomew alikaa juu ya ndoo yake akafikiri. Mwalimu alikuwa na Friziani, yule ng'ombe wake wa gredi wa maziwa mengi. Chai yake ingekuwa maziwa ambayo mtu ametaja chai karibu nayo. Kipimo hakina maana ikiwa kinachopimwa kimepewa ratiba. Kwa hiyo alienda Ijumaa hiyohiyo, lakini asubuhi, bila kumwambia mtu.

Mwalimu alikuwa barazani akiwa na kiazi kitamu mkononi na kikombe cha glasi mezani. Ndani ya glasi kulikuwa na strungi, chai isiyo na hata tone la maziwa. Jua la asubuhi lilipita ndani yake likatupa doa jekundu juu ya kitambaa cha meza. Bartholomew alisimama kwenye ngazi akasahau kusalimu.

Mwalimu aliifunika glasi kwa gazeti.

"Ratiba inasema jioni," alisema.

"Nilikuwa napita, Mwalimu."

"Hapa hakuna njia ya kupita. Hapa njia inaishia." Akalinyoosha gazeti. "Ng'ombe amekauka. Atazaa Septemba."

"Hongera, Mwalimu."

"Nimeagiza maziwa Kyumbi. Utarudi jioni, utapata chai."

"Nimeshaona."

"Umeona nini?"

"Rangi."

"Na ng'ombe, umemwona?"

"Sikuja kwa ng'ombe."

Mwalimu aliinua kona ya gazeti, akaitazama glasi yake kama aliyeletewa karatasi ya mwanafunzi asiyemjua. "Huwezi kusema ilitoka kwangu," alisema.

"Nitasema ni mfano wa kumi."

Bartholomew alitembea hadi kanisani kwa haraka. Alitia oksaidi nyekundu nyingi, manjano kidogo, na nyeusi ya kuguswa tu kwa ncha ya kijiti. Alikosea mara moja, akamwaga, akaanza tena. Mraba alioupaka ulikuwa mkubwa kuliko mingine yote. Kisha alikaa juu ya ndoo akautazama mpaka ukakauka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye ukuta wa bucha. Jioni hakurudi kwa Mwalimu. Maziwa ya Kyumbi yalinywewa na paka.

Jumamosi kamati ilikutana nyuma ya kanisa. Titus naye alikuwepo, kando, na mikebe miwili ya krimu imefungwa nyuma ya baiskeli.

"Yangu ni hii," alisema Mama Linet, akiweka kidole.

"Hapo hakuna kitu, Mwaitu," alisema Bartholomew. "Huo ni ukuta."

Akasogeza kidole. Ulikuwa ukuta pia. Walitembea hivyo, wakitafuta weupe ndani ya weupe, hadi walipofika kwenye mraba wa kumi, ambao haukuhitaji kutafutwa.

"Na hii ni ya nani?" aliuliza Musyoka.

Mwalimu alianza kuvitazama vilima vya Mua.

"Ni mfano," alisema Bartholomew.

"Wa chai ya nani?"

"Wa chai."

"Hiyo ni strungi. Nani kwa hii kamati anakunywa strungi? Niandike."

Mama Linet alirudi kuutafuta mraba wake. Titus, ambaye aliijua sauti ya kamati isiyokubaliana, alianza kufungua kamba ya mikebe. Bartholomew alimwona. Aliona pia kwamba hakuna neno aliloruhusiwa kusema ambalo lingemsaidia.

"Yangu ni nyeusi kuliko hiyo," alisema Kavutha.

Walingoja kujua kama anatania.

"Kila asubuhi," alisema. "Ile ya maziwa nilikunywa siku ile moja na fundi, na mpaka leo sijaelewana na tumbo."

Mama Linet hakuwahi kumruhusu Kavutha amtangulie katika jambo lolote, na hakuona sababu ya kuanza sasa. "Nyeusi namna gani?" aliuliza. "Mimi majani nayachemsha mara mbili. Ya kwanza ya baba Linet, ya pili yangu."

"Mara ya pili inakuwa nyepesi," alisema Musyoka, akiwa ameshusha kalamu. "Sisi majani hatuyatoi kabisa. Tunaongeza mengine juu. Tangu Pasaka."

Mwalimu aliviacha vilima. "Nikiwa chuo cha ualimu," alisema, "tulikunywa chai ambayo ungeweza kusahihishia mitihani."

"Fundi," alisema Mama Linet, "hiyo ongeza nyeusi kidogo."

"Kidogo ni ya nani?" alisema Kavutha. "Aongeze."

Bartholomew aliwasikiliza, akapiga hesabu. Wiki mbili walikuwa wameivuta chai hadi ikawa nyeupe. Sasa walikuwa wanaishusha kwa mwendo uleule, na wakiachwa wangefika kwenye lami kabla ya saa sita. Kati ya hapo na pale, kwa muda mfupi, wote wanne walikuwa wamesimama mbele ya mraba wake na hakuna hata mmoja aliyeukataa. Kila mmoja alisema tu kwamba ni mzuri mno kwake.

Alichukua ndoo, ngazi na brashi kubwa, akazunguka hadi mbele ya kanisa, akaanza kupaka.

Walipogundua kwamba hayupo na kumfuata, upande mmoja wa mlango rangi ilikuwa imeshafika dirishani. Titus alitangulia kufika. Aliitazama rangi mbichi kwa muda, akatazama jua, akafunga mikebe yake tena na kuondoka kwa baiskeli bila kuaga. Wajumbe hawakuwa wamenyamaza njiani.

"Njaa ya themanini na nne nani alikuwa na majani?" Mama Linet alikuwa akisema. "Sisi tulikunywa maji ya moto."

"Ya moto?" alisema Kavutha. "Kwani mlikuwa na kuni?"

Mwalimu alishika mguu wa ngazi, akainua uso. "Fundi, shuka kidogo. Kamati inaona rangi bado haijafikia hali halisi. Imetajwa hapa chai ya mwaka wa njaa."

"Ile ya maji ya moto, Mwalimu?"

"Hiyo."

"Maji ya moto hayana rangi. Nipake nini?"

Mwalimu alikuwa mtu aliyesoma, na hakulikwepa swali. Alilifikiria akiwa amefumba macho. Nyuma yake Musyoka alikuwa akiandika kwamba wajumbe wote wameafiki.

"Basi endelea na hiyo," alisema Mwalimu.

Bartholomew alichovya brashi. Huko chini walikuwa wameshafika kwenye suala la nani alikuwa na sufuria.